Kioo Kilichotazama Paa

Kilichonikosesha usingizi ni swali ambalo mtu mwingine angelijibu huku anafunga kamba za viatu: je, baba alimchukia nyanya? Baba alikuwa ameshazikwa. Nyanya, mama yake mama, alikuwa hai kwake Musanda, mzee wa kutembea kwa fimbo, na hakuna aliyekuwa akimsumbua kwa maswali. Jibu lolote ambalo ningelipata lisingemrudisha mmoja wala kumwongezea mwingine siku. Lakini kulikuwa na gari, na mtu alikuwa akingoja nimjibu kuhusu gari, na mimi sikuweza kulifikiria gari bila kufikiria chuki. Ndivyo nilivyo. Nikiulizwa kama nataka chai, huanza kwa kujiuliza kwa nini nimeulizwa.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kando ya mtaa wa Shirere, ndani ya banda la mabati ambalo baba alilijenga kabla hajamjengea mama jiko la maana. Lilikuwa saluni nyeusi ya Kiingereza, mojawapo ya zile zilizowabeba wakubwa wa serikali ya mkoloni, zenye madigadi ya mviringo, viti vya ngozi nyekundu, na mikono midogo ya taa iliyochomoza ubavuni kama masikio kila dereva alipotaka kukata kona. Baba alikuwa ameliinua juu ya mawe ili matairi yasiguse ardhi. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akilifuta kwa kitambaa, analiwasha, anakaa ndani likinguruma papo hapo, kisha analizima na kuja kula. Hakulitoa hata kufika barabarani. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu nilipokuwa mdogo hadi ugonjwa ulipomlaza.

Baada ya mazishi alikuja fundi mmoja mwenye gereji Kisumu, Bwana Lalji, Mhindi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mtu fulani aliyekuja kutupa pole alikuwa amemwambia juu ya gari. Alilizunguka polepole kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani, akapiga goti, akachungulia chini, akainuka akiwa na utando wa buibui kichwani.

"Hii zamani ilikuwa mingi sana," alisema. "Kila bwana mkubwa alikuwa nayo. Sasa mimi natafuta, natafuta, hapana ona."

"Zilienda wapi?"

"Iko hapa hapa." Alielekeza kidole jikoni. "Sufuria ile. Karai ile. Springi ya gari kama hii natoa panga mzuri sana. Mlango nakuwa mlango ya kuku. Watu nakula gari kama mahindi, mama. Sasa hii yenu, kwa nini hapana kuliwa?"

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

Bwana Lalji akafungua mlango wa dereva, na harufu ikatoka: ngozi ya zamani, petroli, ukungu, na chini ya hayo yote kitu kama matope na dawa ya kuchua. Huenda hicho cha mwisho hakikuwamo. Huenda ni mimi niliyekiongeza. Lakini nilishika nguzo ya banda, kwa sababu ghafla nilikuwa na uzito wa kichwa cha mtu mapajani.

"Na hii kioo," alisema kutoka ndani, "nani nageuza?"

Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinuliwa kabisa, kinatazama paa. Alinyoosha mkono akirudishe.

"Wacha," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Akaacha. Akasema atarudi Jumamosi na lori, na kwamba kama hatutaki tumwambie siku hiyo hiyo. Yeye si mtu wa kulazimisha. Alipoondoka nilimwuliza mama tufanye nini.

"Amua wewe," alisema.

"Mbona mimi? Gari ni la baba, na wewe ndiye mke wake."

"Lakini mimi sikuwa ndani yake siku hiyo. Wewe ulikuwa ndani."

Akarudi kwenye maharagwe yake.

Baba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa idara ya barabara. Uhuru ulipokaribia, Wazungu wa mji wetu walianza kuondoka mmoja baada ya mwingine, wakiuza meza na mbwa na viti vya bustani. Yule wa baba aliondoka kwa ndege na gari akamwachia, kwa bei ambayo baba hakuwahi kuitaja mbele yetu. Alibaki dereva wa serikali ya bendera mpya, akiendesha magari ya wakubwa wapya, lakini jioni alirudi nyumbani kwa gari lake mwenyewe, na watoto wa Shirere walilikimbilia hadi langoni. Jirani yetu Mukhwana ndiye aliyelipa jina.

"Musungu," aliliita. "Wenzake wote wamepanda ndege wakaenda kwao. Huyu amekataa. Ameonja obusuma, ugali wetu."

Nilikuwa sijaanza shule. Nilijua mambo machache na niliyajua kwa uhakika mkubwa, na mojawapo ni kwamba baba na nyanya walichukiana. Nilikuwa na ushahidi. Nyanya alipotutembelea hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akakaa jikoni, na baba hakutia mguu jikoni hadi alipoondoka. Chakula chake baba alikila chumbani kama mfungwa. Siku moja tulikuwa tunatembea naye njiani, mimi nimeshika kidole chake, yeye amevaa koti lake la kaki la kazi lililopigwa pasi, na mbele yetu nikamwona nyanya anakuja na kikapu kichwani. Nikamwita kwa furaha. Nilipogeuka, baba hakuwapo. Alikuwa ameruka mtaro, akaingia kwenye mahindi ya watu, na nilichokiona ni mabua yakitikisika kuelekea mtoni. Nyanya naye alikuwa ameshusha kikapu na kuinamisha uso hadi kifuani, ameukazia macho udongo.

"Amepita?" aliniuliza.

"Nani?"

"Huyo."

Hakumtaja hata jina. Mtu mzima angeona heshima ya mkwe, jinsi watu wetu wanavyoishika hadi leo: mume na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawakai chini ya paa moja, hawatajani majina. Mimi niliona watu wawili wasiopendana. Hakuna aliyenieleza vinginevyo, kwa sababu hakuna anayeeleza jambo ambalo kila mtu anadhani umezaliwa nalo.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mama alikuwa amejifungua ndugu yangu, bado hatoki nje, khotsa alipofika kwetu kwa baiskeli. Khotsa ni kaka yake mama. Alikuwa ameloa hadi mifupani na baiskeli yake imejaa udongo hata haikuzunguka tena. Sehemu ya mwisho aliibeba begani.

"Mulamwa," alimwambia baba, kama shemeji wanavyoitana, "mama anakufa. Tumbo limevimba, anatapika tu. Lori la Musanda limekwama tangu juzi. Hakuna gari lingine isipokuwa hili lako."

Nilimtazama baba na nikafikiri: sasa atakataa.

"Gari lipo," alisema mwishowe. "Lakini atakaa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya nani?"

Mimi nilishangaa swali gani hilo. Kiti cha nyuma kilitosha watoto wanane. Nilikuwa nimewahesabu mwenyewe. Sikujua kwamba lori lingekuwa rahisi, kwa sababu kwenye lori mkwe hukaa juu na mizigo na dereva hukaa kwake ndani. Lakini saluni ni chumba kimoja, paa moja, pumzi moja.

Kutoka chumbani mama aliita, "Chukua shuka langu. Lile la maua."

Wakalipigilia shuka darini mwa gari, nyuma ya kiti cha mbele, kwa misumari midogo, baba mwenyewe akigonga, yeye aliyekuwa akimfukuza mtu kwa kuacha alama ya kidole kwenye kioo. Kisha akashika kioo cha kutazamia nyuma na kukigeuza juu, kikatazama paa. Nikaelewa, kwa akili yangu: hataki kumwona hata kwa bahati mbaya.

"Wewe utakuja," aliniambia. "Utakaa nyuma naye. Utakuwa mdomo."

Hivyo nikawa mdomo. Tulipotoka Musanda nyanya alikuwa amelazwa kwenye kiti chekundu, kichwa chake mapajani mwangu, ananuka dawa ya kuchua na matapishi, na mbele yangu maua ya shuka la mama yakitikisika kila tulipoingia shimo. Nyuma ya maua kulikuwa na vivuli viwili, cha baba na cha khotsa.

"Mwambie baba yako apunguze," nyanya alisema. "Tumbo langu si gunia."

Nikasema, "Baba, nyanya anasema upunguze, tumbo lake si gunia."

"Mwambie nyanya nikipunguza tutakwama."

"Nyanya, baba anasema akipunguza tutakwama."

"Nimesikia. Mwambie nimesikia."

"Baba, nyanya anasema amesikia."

Khotsa akacheka, ingawa mama yake alikuwa katika hali ile. "Hii ni redio ya bei ghali," alisema.

"Mwambie huyo mwenye kucheka," nyanya alisema, "nikipona nitamchapa."

Baba naye alicheka, au alikohoa. Niliona kivuli chake kikitikisika. Nimelirudia jambo hilo dogo mara nyingi sana katika maisha yangu, kivuli kile nyuma ya maua, nikijaribu kuamua kilikuwa kicheko au kikohozi.

Tulikwama hata hivyo. Baada ya daraja la mbao barabara inapanda, na pale mvua ilikuwa imeigeuza kuwa uji. Magurudumu yalizunguka, injini ikalia, nyuma ya gari ikateleza kuelekea mtaroni na ikakaa. Khotsa akashuka akasema atarudi ng'ambo ya daraja, kwenye boma tulilolipita, aombe ng'ombe wa kuvuta. Tukamsikia akienda chubwi chubwi hadi mvua ikammeza.

Tukabaki watatu. Mvua ilipiga paa kama mtu anayemwaga kokoto. Nyanya alikuwa akinung'unika kidogo kidogo, kisha akaacha.

"Baba, nyanya ameacha."

"Ameacha nini?"

"Kunung'unika."

"Muulize kama anasikia baridi."

"Nyanya, baba anauliza kama unasikia baridi."

Hakujibu. Nikarudia. Kivuli cha baba hakikusogea.

"Mguse mkono," alisema. "Una joto?"

"Si sana."

"Mwite kwa nguvu."

Nikamwita kwa nguvu. Macho yake yalikuwa wazi kidogo, meupe. Na hapo, juu ya kilima mbele yetu, tukasikia injini ya lori, lori la mawe la watu wa barabara, likiwashwa. Baba aliijua sauti ile kuliko alivyojua sauti ya kengele ya kanisa. Lingeondoka wakati wowote, na khotsa alikuwa bado upande wa pili wa mto.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba alisimama kwenye mvua uso wake ameutazamisha kando, kwenye mahindi, na mkono wake ukaingia ndani ukashika shuka na kulivuta. Misumari ikaruka. Akamfunika nyanya kuanzia kichwani hadi miguuni, kama nilivyoona watu wakimfunika babu alipokufa, na nikaanza kulia kwa sababu nilijua amekufa na kwamba baba sasa amefurahi.

"Shika pembe ya shuka," aliniambia. "Isiburure matopeni."

Kisha akainama, akamvuta mgongoni, akafunga ncha za shuka kifuani pake kama mwanamke anavyofunga mtoto, na akaanza kupanda. Nilikuwa nyuma yake nimeshika pembe. Mguu wake mmoja ulizama hadi gotini na akautoa bila kiatu, na hakurudi kukichukua.

Juu kulikuwa na watu wa barabara, wenzake wa kazini, waliomjua wote, pamoja na koleo na karai zao, wamesimama kando ya lori. Mmoja wao alikuwa mtu wa Musanda. Alitutazama tukija. Alisema neno moja tu kwa Kiwanga, lugha ya kwao, sikulisikia, kisha akageuka akatupa mgongo. Aliyekuwa karibu naye akageuka. Wakageuka wote, mmoja mmoja, wakawa mstari wa migongo iliyoloa inayotazama mahindi. Hakuna aliyekuja kumpokea. Hakuna aliyeuliza. Tulipita nyuma yao karibu kiasi cha kunusa tumbaku. Mmoja, bila kugeuka, aliyaambia mahindi, "Nyuma ya lori pameachwa nafasi. Kuna turubai." Dereva alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa lori na kwenda kusimama mbele, akiutazama mti.

Nilidhani ni watu wabaya. Nimeishi na migongo ile. Hata chuoni, mtu akigeuka wakati ninazungumza, hata kama anageukia dirisha, moyo wangu huanguka.

Hospitali ya mjini ilimpokea nyanya, na akapona. Khotsa alipofika na ng'ombe alikuta gari tupu. Walilivuta, likaletwa kwetu, na hakuuliza tulipandaje kilima. Baba alilisafisha mchana kutwa, akatoa misumari iliyobaki, akaziba matundu kwa nta. Kioo hakukigusa. Akaliinua juu ya mawe.

Nikamwuliza mama kwa nini gari halitembei.

"Baba yako amemtumia nyanya blanketi kupitia kwa khotsa," alisema. "Wao wataleta kuku, ndiyo mila. Kuku akifika mambo yatakuwa sawa. Ataweza hata kumsalimia. Sasa mpaka kuku afike."

Basi nikangoja kuku. Kila khotsa alipokuja sokoni na kupita kwetu, nilikagua baiskeli yake. Baba pia, ingawa wakati huo sikuyaweka mambo hayo pamoja. Wangezungumza juu ya mvua, bei ya mahindi, watoto, na kabla khotsa hajaondoka baba angeuliza kila mara, akiangalia pembeni:

"Na kuku wa huko, wako?"

"Wako, mulamwa."

"Hawajashikwa na ugonjwa?"

"Wanataganga tu."

"Vizuri."

Baba hakuwa mtu wa kuku. Mama alifuga, na yeye hakujua hata walikuwa wangapi. Alichojua ni kuwafukuza wasitage ndani ya gari. Niliona ajabu kwamba anawajali sana kuku wa Musanda. Kuku hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Nikaacha kukagua baiskeli, nikaenda shule, nikaenda sekondari, nikaenda chuo kikuu, na ndani yangu hesabu ilikuwa imeshafungwa: baba alimchukia nyanya, nyanya akakataa hata blanketi lake. Na siku ya mazishi nyanya aliletwa kutoka Musanda, akapewa kiti nyuma ya jikoni, na wakati jeneza linapita alikigeuza kiti akalipa mgongo. Nilimwona. Nilikuwa nimeshika pembe ya jeneza kama nilivyoshika ile ya shuka.

Basi unaweza kuona kwa nini sikulala. Kama gari lilikuwa ukumbusho wa chuki, kwa nini baba alilifuta kila Jumapili? Kama halikuwa, lilikuwa nini? Na nikiliuza nitakuwa nimeuza nini? Na nisipoliuza, si litaishia kuwa mapanga? Na mimi ni nani wa kuamua, mtu aliyemaliza chuo na bado anangoja kupangiwa shule ya kufundisha, ambaye hata godoro la chumba chake alilinunua baada ya kwenda dukani mara tano? Alhamisi niliamka nikajiambia nitakwenda Musanda kuuliza, na nikatoka nyumbani kabla sijapata nafasi ya kulichambua wazo hilo.

Zamani Musanda palikuwa na mahindi na mtama, sasa ni miwa hadi mlangoni mwa watu. Nyanya alikuwa ameketi kwenye ngozi mbele ya nyumba anapepeta mtama. Aliniangalia kwa jicho lake moja linaloona.

"Umekuja peke yako."

"Peke yangu, nyanya."

"Mtu wa kusoma haji bure. Uliza sasa, tusije tukala pamoja na swali."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yote ya adabu. Yalipotea. "Kwa nini hukuleta kuku?" nikasema.

"Kuku gani?"

"Wa blanketi. La baba."

Ungo ukasimama. Kuku wake walikuja karibu kuokota zilizoanguka.

"Ningemtuma kuku ningekuwa nimesema nini?" aliuliza. "Kwamba mkwe wangu alinibeba mgongoni mchana. Nani aliona jambo hilo? Wewe ulikuwa mtoto. Watu wa barabara waligeuka. Wangempokea njiani, wangekuwa wameona, na lingezungumzwa hadi Butere. Waligeuka ili lisiwepo. Mtoto wangu alifika na ng'ombe na akanyamaza. Wote hao wamfichie baba yako aibu, halafu mimi niliyebebwa ndiye nifunge kuku miguu nitangaze? Blanketi nililipokea kama blanketi. La baridi. Mimi sikubebwa na mtu. Nililala garini, nikaamka hospitali."

"Na mazishini?"

"Nilimpa mgongo, kama walivyompa wao. Ulitaka nimwangalie akiwa hawezi kukimbia?"

Alianza tena kupepeta. Nilisikia mtama unaruka na kutua, unaruka na kutua. Migongo ile yote ilikuwa inazunguka kichwani mwangu, na safari hii sikuona ubaya ndani yake, niliona watu wamesimama kwenye mvua wakimlinda baba kwa njia pekee waliyoijua. Na nilimwona baba akiangalia pembeni, akiuliza habari za kuku.

"Alielewa," nyanya alisema. "Baba yako alikuwa mtu wa akili. Alijua kwa nini ninanyamaza. Si ndiyo?"

Sijawahi kufikiri kwa kasi kama nilivyofikiri pale. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimemdanganya mzee, na baba atabaki akingoja milele. Nikisema hapana, nitakuwa nimempa mwanamke wa umri ule mzigo wa kubeba hadi kaburini: kwamba kimya alichokitoa kama zawadi kilifika kwa baba kama hukumu, kwamba mkwe wake alikufa akijua amemwaibisha na hajasamehewa. Nikisema sijui, hilo nalo ni jibu. Nikinyamaza, hilo nalo.

"Nyanya," nikasema, "naomba kuku."

Akauweka ungo chini, akajigeuza palepale kwenye ngozi, akanipa mgongo. Nikakaa. Mabega yake yalikuwa madogo ndani ya blanketi la kijivu alilojifunga, blanketi kuukuu lililopauka, ambalo nilikuwa nimelitazama tangu nifike bila kujiuliza lilitoka wapi. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba kutosema kitu kunatosha.

Alipogeuka tena uso wake ulikuwa mkavu. Alimwaga mtama kidogo, akawaita kuku kwa ulimi, akamkamata mmoja mwekundu kwa mkono wa haraka ambao sikuutegemea, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

"Ni mtetea," alisema. "Asichinjwe. Na mimi sitasema nimemtuma kwa nini."

"Sitauliza."

Mama alimpokea kuku mlangoni kwa mikono miwili. Hakuuliza ametoka kwa nani wala kwa nini amechelewa. Alimpima uzito kama mtu anayempokea mtoto mchanga, akasema, "Amefika," na akaingia naye ndani akakaa naye kitandani kwa baba, mlango wazi, hadi chakula kikapoa.

Jumamosi Bwana Lalji alikuja na lori na kamba nene na vijana wa kusukuma. Nilikuwa nimelala usingizi mzuri, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi kidogo. Nilijiuliza kama nimeamua vibaya. Lakini baba hakuliinua gari juu ya mawe ili likae humo. Aliliinua lingoje kuku, na kila Jumapili aliliwasha ili siku kuku akifika liwe tayari kwenda. Sikuona sababu ya kumngojesha baba tena.

Nilifungua mlango wa dereva. Nilipotazama nyuma, mama alikuwa amemweka kuku kwenye kiti chekundu, pale pale alipolazwa nyanya, na amesimama kando amefunga mikono. Nikakaa mahali pa baba. Nikashika kioo. Kilikuwa kimekazana, kikatoa vumbi la kutu, kisha kikashuka polepole kutoka paani, na ndani yake nikaona kiti cha nyuma chote, ngozi iliyopasuka, matundu ya misumari yaliyozibwa kwa nta, na kuku mwekundu akiniangalia kwa jicho la upande.

"Kioo iko sawa sasa?" Bwana Lalji aliuliza dirishani.

"Kiko sawa."

Nikashuka, nikamtoa kuku nikampa mama, kisha nikamwekea Bwana Lalji ufunguo mkononi.